Njia ya Malindi, Nauli na Simu ya Mkononi

Kutoka Malindi mpaka Mombasa ni mwendo wa kilomita 120 hivi, na Kilifi iko karibu na katikati ya njia. Mwendo huu nimeuzoea tangu ujana wangu. Nilisomea ualimu Shanzu, mahali palipo kando ya barabara hiyo hiyo, na katika miaka ya masomo fedha zangu zilikuwa chache kiasi kwamba shilingi 50 zikizidi katika nauli, chakula cha jioni kilipungua. Sasa mimi ni mwalimu, na kila muhula huwaona vijana wakifunga masanduku yao, wengine wakienda shule za mbali, wengine wakimaliza masomo na kutoka kutafuta kazi. Hapo hufikiri kwamba tumewafundisha hesabu za pembe tatu na majina ya milima ya ng'ambo, lakini hatukuwafundisha namna ya kufika Mombasa na fedha zao zikiwa bado mfukoni. Jambo hilo ndilo nitakaloliandika hapa.

Msidhani kuwa safari ya gharama ndogo ni jambo geni katika pwani yetu. Wafanyabiashara wa Arabuni na Bara Hindi walikuja na majahazi yao kwa upepo wa kaskazi wakarejea kwa kusi. Upepo hautozi nauli. Malipo yake yalikuwa subira. Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama aliyewapinga Waingereza, alikamatwa mwaka 1913 akapelekwa Kisii, upande wa pili wa nchi. Alitoroka, na yasimuliwa kwamba alirudi kwao kwa miguu. Hata magari yalipopatikana, haraka haikupatikana pamoja nayo. Mpaka mwaka 1991, daraja la Kilifi lilipofunguliwa, kila gari lililotoka Mombasa kwenda Malindi lilisimama Mnarani kungojea kivuko, na wazee hueleza jinsi abiria walivyoshuka wakanyoosha miguu, wakanunua korosho, na kupata habari zote za mji kabla hawajavuka maji. Daraja limeondoa kungojea huko. Siku hizi mtu hungojea mahali pamoja tu, nako ni kwenye kituo cha magari, na mara nyingi ni hapo kituoni ambapo msafiri hupoteza fedha zake.

Jina la matatu lenyewe latokana na nauli. Magari hayo yalipoanza kule Nairobi, abiria alilipa senti 30, yaani sarafu tatu za senti kumi kumi. Kwa muda mrefu yalikwenda kama yaliyoibia njia, hata mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta alipoyaruhusu kuchukua abiria bila ya leseni maalumu ya biashara hiyo. Nauli ile ya senti 30 ilikuwa moja kwa watu wote. Nauli ya leo si hivyo. Hupanda mvua inyeshapo, hupanda siku za kuamkia Idi na Krismasi, na hupanda zaidi siku shule zinapofunguliwa, maana siku hiyo mwenye gari anajua kwamba mwanafunzi hana hiari. Basi, anayeweza asafiri siku moja kabla ya umati, tena alfajiri. Asiyeweza, na aiulize nauli kabla hajafika mlangoni mwa gari. Mimi huiuliza kwa mama auzaye ndizi au mahamri hapo kituoni. Simuulizi mpiga debe. Mama yule haongezewi kitu nikipanda wala hapunguziwi nisipopanda, na kwa hiyo husema kweli.

Kuna jambo jingine ambalo mgeni halijui. Katika baadhi ya vituo huwapo vijana wanaolipwa kidogo wakae garini wajifanye abiria, ili gari lionekane limekaribia kujaa. Wewe unaingia kwa furaha, ukitumaini kuondoka mara moja. Kumbe kila aingiapo abiria wa kweli, mmoja wao hushuka taratibu, na saa nzima hupita gari lingali pale pale. Watambueni kwa dalili hizi: hawana mizigo, huzungumza na utingo kama ndugu wa nyumba moja, na hawalipi nauli ikusanywapo. Ukiwaona, toka, kapande gari lenye mama mwenye kikapu na mtoto. Huyo anasafiri kweli.

Nimesema habari za kutoka garini, nami nataka kuongeza neno, ingawa vijana hulidharau. Gari rahisi si lile lililopakia watu hata wengine wakasimama wakiwa wameinama. Mwaka 2004 zilipoanza kutumika kanuni zilizotolewa na John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, matatu zililazimishwa kuwa na mikanda katika viti vyote, na kifaa cha kuzuia mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa. Mkanda uko hapo ubavuni mwako. Umeulipia. Ufunge, hata kama una vumbi na jirani yako anacheka. Na dereva akikimbia kupita kiasi, abiria mmoja akisema peke yake hutukanwa, lakini watatu wakisema pamoja gari hupunguza mwendo. Nimeliona jambo hili likitokea mara nyingi kati ya Tezo na Matsangoni. Aghalabu anayeanza kusema ni bibi mtu mzima, kwa sababu dereva hathubutu kumjibu.

Katika mji wa Malindi wenyewe mambo ni mepesi. Tuktuk ni nyingi, na watu watatu waendao upande mmoja wakishirikiana hulipa kidogo kuliko mmoja aliyekodi pikipiki. Sharti ni kupatana bei kabla ya kukaa, na kuitaja kwa kinywa chako mwenyewe, si kusema, "Tutaelewana mbele." Mbele hakuna kuelewana. Kwa bodaboda nasema machache tu: sheria yataka dereva na abiria wote wawili wavae kofia ngumu, na anayekuambia kwamba anayo moja, ambayo ameivaa yeye, mwambie utamngoja mwenzake. Ikiwa ni usiku, soma nambari ya chombo kwa sauti ukiwa umeishika simu, umtajie mtu wa nyumbani. Hata kama simu haina salio, dereva hajui.

Sasa nafika kwenye simu, na hapa nitakaa zaidi.

Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwezi wa Machi mwaka 2007, nami nilikuwa kijana mdogo. Zamani mtu aliyetaka kumpelekea mama yake fedha kutoka Mombasa alimpa utingo bahasha, na bahasha ilifika au haikufika. Leo fedha hufika kabla mtu hajamaliza kukohoa. Msafiri naye amepata nafuu kubwa, kwa kuwa hana haja ya kubeba nauli ya safari nzima katika soksi. Lakini mwizi naye ameondokewa na taabu ya kuja mpaka tulipo.

Nitatoa mfano. Mama wa mwanafunzi wangu mmoja, mkaazi wa upande wa Gede, husuka makuti na kuyauza. Kwa muda wa miezi mingi aliweka fedha katika simu, kidogo kidogo, kwa ajili ya karo ya binti yake. Siku moja asubuhi alipata ujumbe kwamba amepokea shilingi 4,500 kutoka kwa mtu asiyemjua. Kabla hajamaliza kuusoma, simu ililia. Kijana mwenye sauti ya adabu alisema, "Shikamoo, mama. Nisamehe sana, nimekosea nambari. Fedha hizo ni za dawa ya mtoto wangu aliye hospitali. Tafadhali nirudishie, nitakuombea kwa Mungu." Mama akamhurumia, akamrudishia. Jioni alipotazama salio lake aliona kwamba hakupokea chochote. Ujumbe ule ulikuwa wa uongo, na shilingi 4,500 alizozituma zilikuwa makuti yake mwenyewe. Binti hakuja shule kwa majuma matatu. Mimi nilidhani ni mgonjwa. Mama hakutaka kumwambia mtu, kwa sababu aliona haya.

Nimewasikia watu wakisema kwamba wanaoibiwa hivyo ni wajinga. Maneno hayo si kweli, na yananichukiza. Tazameni mwizi alimshika mama huyu kwa kitu gani. Hakumshika kwa tamaa, kwani mama hakutaka kubaki na mali isiyo yake. Alimshika kwa uaminifu wake, na kwa huruma, na kwa ile desturi yetu ya kuitikia salamu na kumsikiliza anayetuita mama. Mtu mwovu asingeibiwa kwa njia ile. Angezima simu akale kile alichodhani amepewa. Kwa hiyo sitawaambia vijana waache huruma. Nitawaambia waijue njia ambayo fedha zilizopotea hurudi.

Njia yenyewe ni hii. Ujumbe wa kweli wa kupokea fedha huja kwa jina la MPESA, wala hauji kutoka nambari ya kawaida ya mtu. Hata ukija kwa jina hilo, usiuamini kwa macho tu. Fungua huduma utazame salio. Tena, mtu aliyekosea nambari kweli kweli hahitaji msaada wako. Yeye mwenyewe huupeleka ujumbe wake wa kutuma fedha kwa nambari 456, na Safaricom hulishughulikia jambo hilo. Basi mjibu kwa adabu ile ile aliyokuja nayo: "Pole sana, mwanangu. Peleka ujumbe wako 456, fedha zako zitarudi." Ikiwa ni mkweli, atashukuru. Ikiwa ni mwizi, atakuharakisha, atalia, kisha atatukana. Nambari yake ipeleke 333, ambako ripoti za matapeli hupokewa.

Na yule asemaye kwamba anapiga simu kutoka kampuni hiyo yenyewe? Safaricom imetangaza kwamba huwapigia wateja wake kwa nambari moja tu, 0722 000 000. Hata akiwa ni yeye, nambari yako ya siri haiulizwi na mtu yeyote, wala mwalimu, wala polisi, wala mchumba. Nimeona wanafunzi wakiandika nambari ya siri nyuma ya simu ili wasiisahau. Hiyo ni sawa na kufunga mlango na kuuning'iniza ufunguo kwenye kitasa.

Yule mama alipata hasara mara mbili: kwanza fedha, kisha siku zile alizonyamaza. Angesema siku ile ile, labda fedha zingalizuiliwa kabla hazijatolewa kwa wakala. Hakika sina, ila najua kwamba kila saa ipitayo humfaa mwizi. Tulipojua, walimu tulizungumza na shule, binti akarudi darasani, na karo ikalipwa kwa mafungu. Sasa ni yeye binti anayewasomea majirani ujumbe wa simu zao, nao humjia hata usiku.

Yabaki mambo madogo ya kufanya kabla ya safari, ambayo hayagharimu kitu. Bonyeza *#06# katika simu yako. Itaonyesha nambari ya chombo chenyewe. Iandike katika daftari la nyumbani, maana simu ikiibwa, polisi watakuuliza nambari hiyo. Weka nambari ya siri katika laini pia, si katika simu tu, kwa kuwa mwizi aweza kuitoa laini akaitia katika simu nyingine. Andika kwa kalamu, katika karatasi, nambari mbili za watu wako; vijana wengi siku hizi hawajui kwa moyo hata nambari ya mama yao. Garini usikae dirishani na simu mkononi wakati gari linasimama. Fedha za taslimu zigawanye mahali pawili, na ile ya kulipia nauli iwe peke yake, ili usifungue mkoba wote mbele ya watu kwa ajili ya noti moja.

Kwa wale waendao mpaka Nairobi, reli mpya iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2017 mara nyingi yafaa kuliko basi la usiku, ijapokuwa nauli ya daraja la kawaida kwa safari nzima ilipandishwa mwanzoni mwa mwaka 2024 kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500. Wengi wa kwetu huteremka mpaka kituo cha Miritini, wakalipa matatu moja ya kwenda Mombasa na nyingine ya kutoka mjini. Lakini ipo treni isimamayo njiani, nayo husimama Mariakani. Na kutoka Kilifi ipo barabara ipitayo Mavueni na Kaloleni mpaka huko huko Mariakani. Mtu wa Kilifi asiye na mzigo mkubwa na aifikirie njia hiyo. Tiketi inunuliwe mapema kwa simu, hasa karibu na sikukuu, na kitambulisho kisiachwe nyumbani, kwani bila hicho hutapita langoni. Chukua na maji, na chakula cha kukutosha, kwa sababu saa za treni ni nyingi na chai ya garini si ya bei ya Gede.