Mfano wa Mti wa Bunduki ya Gatling

Chombo husomwa kwa mkono kama kitabu kisomwavyo kwa jicho. Kwa imani hiyo sisi, ambao kazi yetu ya mchana ni majalada ya ofisi na ya usiku ni vina na mizani, tulikata shauri kuunda, katika banda lililo nyuma ya nyumba yetu hapa Unguja, mfano wa mti wa bunduki ya Gatling, ile ya kuzungushwa kwa mkono. Zana zetu zilikuwa msumeno, randa, tupa, kekee na jiliwa, na msaidizi wetu seremala jirani. Kazi ilitwaa miezi saba.

Ndugu msomaji atauliza: kwa nini bunduki? Na atazame kwanza asili yake. Richard Gatling, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1818, alikuwa mtu wa zana za shamba. Kabla ya silaha alibuni mashine ya kupandia mbegu. Mwaka 1862, nchi yake ikiwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, alipata hataza ya bunduki yenye mitutu sita. Baadaye aliandika kwamba aliwaona askari wakirudi majeruhi, wagonjwa na maiti, akadhani kuwa silaha itakayomwezesha mtu mmoja kufanya kazi ya watu mia ingepunguza haja ya majeshi makubwa. Mambo yakawa kinyume: majeshi hayakupungua, na vifo vikazidi.

Siri ya chombo hiki hatukuipata kwa kutazama picha, bali kwa kuchonga. Mitutu hupangwa duara kuuzunguka mhimili mmoja. Mpini ukizungushwa, magurudumu ya meno huigeuza mitutu yote pamoja. Kila mtutu una komeo lake, nalo husukumwa mbele na kuvutwa nyuma na mfuo wa mshazari uliomo ndani ya kasha lisilozunguka. Hivyo mtutu mmoja upigapo, mwingine hupokea risasi, mwingine hutema ganda tupu, na yote hupata nafasi ya kupoa. Risasi huanguka kutoka juu kwa uzito wake, kama mbegu katika mashine ya kupandia. Tulipofika hapo tuliuona mkono wa mkulima ndani ya silaha. Hapana jini wala uganga: ni meno, mfuo na hesabu.

Chombo hiki si kigeni Unguja. Tarehe 27 Agosti 1896, Seyyid Khalid bin Barghash alipokataa kutoka katika kasri, manowari za Kiingereza ziliipiga kasri ile kwa muda upatao dakika arubaini. Waliomo ndani walikuwa na bunduki za Maxim, Gatling moja, na mizinga michache, miwili kati yake ikiwa zawadi ya Kaizari wa Ujerumani. Upande wa kasri watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa; upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Hatusemi kwamba ufundi ungaliizuia mizinga ya manowari. Twasema tu kwamba zana zile zilikuja kwa meli, na ujuzi wa kuziunda ukabaki zilikotoka.

Bibi mmoja jirani, ambaye babu yake alifia katika kasri ile, alipouona mfano wetu alisema, "Mwanangu, chombo cha mauti hakikaribishwi nyumbani." Neno lake tulilipima siku nyingi, kwani lina haki. Tukamwonyesha kwamba mitutu hatukuitoboa. Ni mfenesi mtupu, ncha hadi ncha, na hautapitisha hata punje ya mtama. Akauzungusha mpini mara moja, akayasikiliza meno, kisha akasema, "Kumbe ni kinu cha kusagia watu." Katika miaka yetu yote ya utunzi hatujapata kuandika mstari ulio mkweli kuliko huo.

Wahenga walisema, mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Katika miaka ya 1970 wazee wa Kihaya waliijenga upya tanuri ya kuyeyushia chuma, kazi iliyokuwa imeachwa kwa muda mrefu baada ya chuma rahisi cha ng'ambo kuingia. Majaribio ya kwanza hayakufaulu. Mikono ikaendelea kukumbuka, hata chuma kikapatikana. Ujuzi ule haukuwa umeandikwa popote ila katika miili yao.

Utamaduni wa taifa basi si ngoma na mashairi pekee. Umo pia katika uwezo wa kukifungua kilichotutisha, kukijua, na kuchagua tutakalolifanya kwa ujuzi huo. Yafaa kila shule iwe na banda lake na jiliwa lake. Vijana wajao bandani kwetu huvutwa kwanza na bunduki. Mmoja wao, akitumia meno na mpini vilevile, sasa anachonga mashine ya kupukuchulia mahindi.