Futi ya Kushonea na Shabaha ya Mzee

Kila tuendapo Ishiara, huko Embu, kwao mume wangu, baba mkwe hutupokea kwa maembe na visa vya shabaha. Mzee alikuwa askari, na hata baada ya kustaafu angali hushindana kulenga shabaha kwa bunduki. Silaha yenyewe haikai nyumbani. Huhifadhiwa uwanjani, chini ya ulinzi.

Mwaka jana tulimkuta kimya. Macho yalikuwa yamepungua nguvu, naye akanunua miwani ya kuonea mbali. Kibao cha shabaha kilimdhihirikia barabara, lakini risasi zikatawanyika kuliko awali.

"Mwanangu," akaniambia, "nadhani siku zangu zimekwisha. Asiyeona vyema hana haki ya kushika bunduki."

Nikamwomba anieleze anachokitazama. Akasema mlengaji hulinganisha vitu vitatu: kilengeo cha nyuma, kilicho karibu na jicho, kilengeo cha mbele, mwishoni mwa mtutu, na kibao chenyewe. Jicho haliwezi kuviona vyote kwa uwazi wakati mmoja. Ujanani huhama upesi kati ya karibu na mbali; baada ya miaka 40 hivi lenzi ya jicho hukakamaa, na wepesi huo hupotea. Darubini ingemwondolea taabu hiyo, lakini katika shindano lake hairuhusiwi.

Mimi hushona kofia za viua. Miwani yangu ya kwanza ilinifaa barabarani, isinifae kwenye sindano, kwa kuwa nilipoinunua sikueleza kazi ya mikono yangu. Nilihisi kosa la Mzee ni lile lile. Nikampa futi yangu ya kushonea, akapime uwanjani toka jichoni hadi kilengeo cha mbele. Akarudi na jibu: sentimita 95.

Kipimo hicho akakipeleka kwa mtaalamu wa miwani, ambaye aliongeza nusu dayopta tu juu ya lenzi za kuonea mbali. Kilengeo cha mbele kikawa wazi, na kibao kikafifia kidogo. Akamshauri pia atumie kilengeo cha nyuma chenye tundu dogo, kwani tundu huongeza uwazi, ila likizidi udogo huleta giza. Nikamkumbuka Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra wa karibu mwaka 965, aliyechunguza mwanga upitao tunduni na kuandika Kitab al-Manazir, kitabu cha elimu ya kuona.

Risasi za Mzee zimekusanyika tena, ijapokuwa si kama za ujanani. Ameahidi kupimwa macho kila mwaka, na siku atakayoambiwa basi, atairudisha bunduki bila ubishi. Ahadi hiyo ilinituliza kuliko shabaha zake zote.

Dada zangu, tuwapelekapo wazee wetu kupimwa macho, tueleze kazi waifanyayo, na futi tuichukue mkobani. Mwenyezi Mungu atuhifadhie nuru ya macho yetu na yao. Amin.