Ubao wa tanga usio na tanga

Wengi wenu mumeniuliza kile kitu cheupe tunachosimama juu yake asubuhi pale Kyeshero ni mtumbwi wa aina gani. Si mtumbwi. Ni ubao wa tanga, na tanga lake lilikwisha kuoza. Mgeni mmoja aliyekaa Goma zamani aliuacha katika parsele ya kando ya ziwa, na kwa miaka mama wa pale alianikia sambaza juu yake.

Mchezo wenyewe ulianzia California, Marekani, miaka ya 1960, na mwaka 1984 uliingia katika Olimpiki ya Los Angeles. Mbao za wakati ule zilikuwa ndefu. Huu wetu nimeupima kwa kamba: mita 3 na sentimita 70, upana sentimita 65. Siku hizi wenye tanga wanapenda mbao fupi za kukimbia, ndiyo sababu hizi ndefu zinatupwa. Lakini kwa mtu anayetaka kupiga kafi akisimama, urefu ule ni mali. Ubao wa litre 200 unamubeba mtu wa kilo 80 pamoja na uzito wake wenyewe, na bado unabaki juu ya maji.

Tulitoa kipande cha kushikia mlingoti. Reli ya chuma iliyobaki katikati inakula nyayo, kwa hiyo tuliifunika kwa mpira wa ndani wa tairi. Ule ubao mdogo unaoshuka chini katikati tuliuacha ushuke, maana unapunguza kuyumba na unasaidia kwenda sawasawa. Kafi la wavuvi wetu ni fupi, ni la mtu aliyekaa. Tuliliunga na mti wa mkaratusi mpaka likapita kichwa cha mtu kwa shibiri moja. Unasimama katikati, miguu mbalimbali, magoti yamelegea, macho mbele. Ukitazama miguu yako, umeanguka.

Sasa, kwa nini ninawaeleza haya wakati watu wanatafuta unga? Kwa sababu ya vijana waliotoka Masisi. Wale waliokuwa Bulengo na kambi zingine walikulia milimani, na ng'ombe na maharagi. Ziwa walilijua kwa mambo mabaya. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua MV Merdi ilizama mbele ya bandari ya Kituku ikitoka Minova, watu wakiwa wanatazama toka nchi kavu. Barabara ya Minova vita ilikuwa imeifunga, basi kila mtu na gunia lake alipita majini. Kijana mmoja, sitamtaja jina, alipoteza shangazi yake siku ile. Miezi mingi hakunawa hata uso ziwani. Alinunua maji ya bidoni.

Alikuja kututazama juma mbili bila kusema. Siku alipoomba zamu, tulimfunga jile, tukamwambia apige magoti kwanza. Aliposimama alianguka. Akasimama tena, akaanguka. Nilihesabu mara kumi na moja. Mara ya mwisho alitoka majini akiwa na sura nyingine, akaniambia: «Papa, maji yananirudisha.» Mimi sikuwa na jibu, nikamshikia kafi.

Lakini tusidanganyane. Ubao huu si wa kuvuka wala wa kubeba mzigo. Kivu inapita mita 470 kwa kina, na hata karibu na mawe yetu meusi chini inakimbia haraka. Tunaacha saa tatu ya asubuhi, mbele upepo haujaamka, maana mtu aliyesimama ni kama tanga: upepo unamusukuma ndani. Ukishikwa, lala kifudifudi, piga maji kwa mikono. Na asubuhi isiyo na upepo mashimo ya kando ya ziwa yanaweza kuwa na mazuku, ile hewa nzito inayoua bila kunuka. Kwa hiyo watoto wanangojea pa juu, hata kama bondeni kuna kivuli kizuri.

Jile tuko nayo moja tu, basi anaenda mtu mmoja. Wengine wanakaa kwenye mstari na wanacheka anayeanguka, jambo ambalo ninaliruhusu. Siku ya posho walikuja wasichana wawili, na swali lao la kwanza lilikuwa: jile iko wapi? Hao wataendelea vizuri.

Juma hili ubao unapumzika. Umepasuka nyuma na maji yaliingia ndani ya povu lake. Ukiziba mbele haujakauka, maji yanabaki humo na ubao unakuwa mzito. Tumeusimamisha juani, ufa ukiangalia chini. Mwenye gundi ya kuzibia mashua za plastiki, hata nusu kopo, apite Kyeshero asubuhi. Mwenye jile ya pili apite mbio zaidi.