Picha ya Kumalizia Mkanda

Picha za nyumbani kwetu zimo ndani ya kopo la biskuti lililoanza kuota kutu pembeni, juu ya kabati la nguo, chumbani kwa mama, Ngamiani, Tanga. Kila nikienda kumsalimia hulishusha kopo lile, nikalipangusa vumbi, tukatandika jamvi barazani, tukakaa wawili kuzitazama. Tumeshazitazama mara nyingi kiasi kwamba najua ipi itafuata ipi. Hata hivyo mama hunyamaza kwenye picha zilezile, na hucheka kwenye zilezile.

Ya zamani kuliko zote ni ya nyeusi na nyeupe, ukubwa wake kama kiganja. Baba amesimama, mkono mmoja begani kwa mama aliyeketi kwenye kiti cha mbao. Mimi niko mbele yao, mtoto wa miaka 4, viatu vyeupe, macho nimeyakodoa kwa sababu mpiga picha alinikataza kupepesa. Nyuma yetu kuna pazia lililochorwa bahari, minazi na meli inayofuka moshi. Pembeni, juu ya kimeza, kuna maua ya plastiki. Siku zile studio ziliweka koti na tai za kuazima, zimetundikwa msumarini karibu na kioo, na wateja walipokezana kuzivaa. Baba alikuwa fundi cherehani, akalikataa koti lile. Mama anasema alimjibu mwenye studio hivi: "Fundi hapigwi picha na nguo ya kuazima." Koti alilovaa pale alilishona mwenyewe usiku wa kuamkia sikukuu. Nyuma ya picha ameandika kwa wino wa buluu: "Idi Mosi, 1974. Mimi, mama watoto na binti yetu."

Kwenda studio ilikuwa ibada ndogo ya sikukuu, na si Tanga peke yake. Pwani yetu ina watu wa kamera tangu zamani. Zanzibar akina A. C. Gomes walikuwa wakipiga picha tangu karne ya 19, na mwaka 1930 Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio. Mombasa watu walipanga foleni kwa N. V. Parekh wakiwa wamevaa na kujipamba. Lamu alikuwapo Omar Said Bakor, aliyesifika kwa kuunganisha picha mbili tatu zikawa moja. Ukizitazama picha za mafundi hao utawaona babu na bibi zetu wakiwa katika hali waliyotaka wakumbukwe nayo: kanzu imepigwa pasi, wanja umekaa sawa, saa ya mkononi imesogezwa mbele ili ionekane. Mtu alikwenda studio kwa sababu ya ndoa, ya Idi, ya safari, au ya mtoto kutimiza arobaini. Hakuna aliyekwenda na mwiko mkononi.

Ndiyo maana katika kopo lile hamna hata picha moja ya baba akiwa kazini. Alikaa kwenye Singer yake zaidi ya miaka 20, barazani kwa rafiki yake, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, kipande cha chaki nyuma ya sikio, pini tatu nne amezibana kwa midomo huku akikujibu salamu kwa kuguna. Alifariki mwaka 1991. Wajukuu zake wanamjua kama mtu wa koti jeusi aliyesimama mbele ya bahari ya kuchorwa. Wakiniuliza babu alikuwa mtu wa namna gani, picha ile hainisaidii. Nawaeleza habari ya pini.

Kamera iliingia nyumbani kwetu mwaka 1982, mikononi mwa mjomba. Mjomba alikuwa baharia, na ile ilikuwa miaka ya shida: vita vya Kagera vimeisha, maduka matupu, sabuni na sukari kwa foleni. Begi lake lilipofunguliwa, watu wazima walitazama mche wa sabuni na sisi watoto tukatazama Yashica ndani ya mfuko wake wa ngozi. Alikuja pia na mikanda mitatu ya rangi, kila mmoja una picha 36.

Leo ni vigumu kumweleza kijana uzito wa namba ile. Thelathini na sita. Mjomba aliupachika mkanda kwa kugeukia ukutani, akavuta kile kishikio cha kusogezea, akatutajia hesabu kwa sauti: "Moja imekwenda." Kila picha ilikuwa na mgawo wake kabla haijapigwa. Kumi za harusi ya mama mdogo, tano za maulidi, mbili za bibi maana hakuwahi kupigwa, moja ya kila mtoto. Ukipepesa macho, basi, umejikosesha mwenyewe. Mkanda mmoja uliweza kukaa ndani ya kamera miezi minne, na ndani yake kuna harusi, msiba na mtoto aliyezaliwa katikati.

Nilikuwa na miaka 12, nikataka kuiona picha ya harusi kabla ya wengine. Nikaufungua mfuniko wa nyuma wa kamera, mchana, uani. Nikaona ukanda wa rangi ya hudhurungi, mtupu, nikafunga haraka. Picha ziliporudi, mjomba aliinua nigativu kuelekea dirishani, akazishusha bila kusema neno. Zilikuwa zimeungua. Bibi harusi hayumo, ngoma haimo, na zile mbili za bibi hazimo pia. Bibi alifariki mwaka uliofuata. Nilikiri kosa langu nikiwa mtu mzima. Mjomba akasema alijua siku ileile, kwa jinsi nilivyokula wali wa watu nikiwa nimeinamisha kichwa.

Mkanda wa pili ndio uliotuletea picha ninayotaka kuieleza. Kulikuwa na mtu anasafiri kwenda Dar es Salaam, na mjomba alitaka kumpa mkanda ukasafishwe huko. Kisahani cha hesabu kilionyesha 35. Kupeleka mkanda ambao haujaisha ni kutupa fedha, na siku ile haikuwa siku ya kitu chochote: Jumanne, jua kali, nguo kambani. Mjomba akazunguka uani akitafuta cha kumalizia. Mama alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Kanga moja kiunoni na nyingine ameifunga kichwani kwa kazi, unga wa nazi umemrukia mpaka kwenye nyusi, mguu mmoja ameunyoosha mbele akimzuia kuku asiingie kwenye sinia. Aliposikia kishikio kinavutwa akainua mkono wa kushoto kujikinga uso, kifuu bado kiko mkononi. "Kaka, usinipige hivi, sijavaa!" Mjomba akabonyeza.

Picha zilipofika, mama aliificha ile. Aliitia chini kabisa ya kopo, kifudifudi, na mgeni akija haikutolewa. Zilitembezwa za maulidi, ambamo wote tumepangwa kwa urefu kama makopo ya dukani. Miaka ikapita, watoto tukaoa na kuolewa, na kidogo kidogo ile picha ya chini ikapanda juu. Sasa ndiyo tunayoitafuta kwanza. Mbuzi ile imevunjika. Pale uani pamejengwa vyumba viwili vya kupangisha. Mkono wa mama unatetemeka, na nazi tunakunia kwa mashine sokoni. Kila kilichomo mle kimeondoka isipokuwa mama mwenyewe, na kama mkanda ule ungekuwa na picha 35 nisingekuwa na ushahidi kwamba kiliwahi kuwapo.

Nisizisifu sana siku zile, maana zilikuwa na dhuluma zake. Katika picha za rangi za mjomba, zilizopigwa chini ya mwembe, kanga zinawaka na nyuso zimezama. Tulidhani ni kosa lake. Baadaye nikajifunza kwamba kwa miongo mingi Kodak na maabara zilizotumia filamu zake zilipima usahihi wa rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, iliyoitwa kadi ya Shirley. Ngozi zetu hazikuwa kwenye hesabu. Mjomba aliyejilaumu kwa miaka hakuwa na kosa.

Tena picha zenyewe haziishi sawa. Ile ya nyeusi na nyeupe ya 1974 bado inasomeka mpaka kifungo cha koti. Zile za rangi za miaka ya 1980 zimekuwa nyekundu, kana kwamba kila kitu kilitokea jua likizama. Harusi yangu mwaka 1990 tuliikodia mtu wa video. Kwa muda mkanda ule ulikuwa fahari ya mtaa, watu wanajaa sebuleni kwa jirani mwenye deki. Ndani yake baba anasikika akimwita mtu aongeze viti. Ilikuwa sauti yake pekee tuliyokuwa nayo. Joto la pwani na unyevu wa bahari vikaingiza ukungu kwenye mkanda. Mwaka 2005 nilipoupeleka kwa fundi auhamishie kwenye sidii, alinionyesha madoa meupe pembezoni mwa utepe. Tulipata dakika chache za mawimbi, na neno moja la baba: "viti".

Kisha ikaja simu. Safari yake ilianza mbali: mwaka 1975 mhandisi wa Kodak, Steven Sasson, alitengeneza kamera ya kwanza ya kidijitali, iliyochukua sekunde 23 kuhifadhi picha moja kwenye kaseti. Januari 2012 kampuni hiyohiyo iliomba ulinzi wa mahakama kwa kushindwa madeni. Kati ya miaka hiyo miwili, habari nzima ya mikanda na kuisafisha ikaondoka mikononi mwetu. Mpiga picha wa mtaani aliyekuwa akija na Yashica yake siku ya Idi, akaandika jina lako kwenye daftari na kukuletea picha wiki inayofuata, akaacha kuja. Kila mtoto sasa ana kamera mfukoni.

Mjukuu wangu wa kwanza alizaliwa mwaka 2014, nami nikampiga picha zaidi ya zile zote zilizomo kwenye kopo la mama. Akilala, akioga, akilia. Kila kitu ambacho mjomba angekiita cha kumalizia mkanda, mimi nilikuwa nacho kwa mamia. Mwaka 2016, kwenye daladala ya Mbagala, nikaibiwa simu. Nilikuwa sijazihamishia popote. Miaka miwili ya mtoto ikashuka na mtu kituoni, nisimjue hata sura. Nililia kama mtu aliyefiwa, na vijana wangu wakanishangaa: "Mama, si simu tu?" Nikakumbuka mjomba ameinua nigativu dirishani. Kosa lilikuwa langu tena, na safari hii hakukuwa na mkanda uliobaki.

Lakini ni simu hiyohiyo inayomfikishia mdogo wangu aliyeko Muscat mlango wa nyumbani kila asubuhi. Ana miaka 11 huko. Mtoto wa jirani humpiga mama picha akigeuza maandazi, huitupa kwenye kundi la ukoo, na kabla chai haijapoa mdogo wangu ameshajibu kwa sauti: "Shikamoo mama, mbona leo umevaa sweta?" Zamani angengoja barua na picha moja ya Idi, mama amejipamba na kunyooka, asijue kama anaumwa au la. Sasa anaziona kandambili zake, na sufuria lenye alama ya kidole gumba kwenye masizi. Hayo ndiyo niliyoyakosa kwa baba.

Kwa hiyo sina ugomvi na simu. Ninachokiogopa ni kwamba picha hazina tena mwisho. Kisahani hakifiki 36, hakuna siku ya kuzitoa, kwa hiyo hakuna siku ya kukaa chini, kuzishika moja moja na kumwuliza mama huyu nani. Picha ambayo haikushikwa na mtu haitajiwi jina, na isiyotajwa jina, baada ya vizazi viwili, ni ya mtu baki. Katika kopo letu mna mwanamke mmoja amebeba mtoto, picha nzuri sana, nyuma hamna maandishi. Mama hamkumbuki. Aliyemjua amekufa.

Tangu nilipoibiwa simu tumejiwekea mkanda wetu. Kila Desemba, tukikutana Tanga, kila mmoja anatoa za kwake na tunachagua 36, hazizidi. Zinapelekwa kuchapishwa kwenye karatasi. Jioni tunazigawa na kalamu, na kila picha inaandikwa nyuma: nani, wapi, mwaka gani, na walikuwa wanafanya nini. Watoto hubishana sana juu ya zipi ziingie. Mimi huweka simu katikati ya jamvi inarekodi, maana mama akitaja majina hutaja na mambo mengine.

Desemba iliyopita tulifika 35 kukiwa na ugomvi. Vijana walitaka ya mwisho iwe ya mahafali, joho na kofia. Mama akasema ya mwisho ni yake. Akatafuta polepole kwa kidole, akapita mahafali, akapita harusi mbili, akasimama kwenye picha niliyokuwa nimesahau kwamba nimepigwa: niko uani nimeinama nafua, kanga imeloa mpaka magotini, nimeinua mkono wenye povu kuziba uso.

"Mama, hiyo hapana," nikasema. "Sijavaa."

Akaipeleka kwenye rundo. Ilipochapishwa aliniomba kalamu, akaandika nyuma mwenyewe kwa mkono wake unaotetemeka. Aliandika jina langu, Ngamiani, Jumanne, anafua.