Saa ya Wimbo na Saa ya Mpira



Kila mwaka wa masomo unapoelekea mwisho, shule zetu za sekondari za binafsi huanza kupunguza vitu katika ratiba ya darasa la mwisho la humanite. Hutangulia michezo, hufuata wimbo, kisha uchoraji. Sababu inajulikana. Mtihani wa Serikali hupima maarifa ya jumla, lugha, sayansi na masomo ya opsio. Haumwulizi mwanafunzi kama aweza kushika sauti ya tatu katika kwaya. Tena mzazi wa Kasenyi, anayelipa minervali kwa fedha ya samaki hata katika majuma ambayo upepo hauruhusu mitumbwi kutoka, ana haki ya kuuliza fedha yake imenunua nini. Nilipojifunza ualimu nilifundishwa kumheshimu mzazi huyo, na ninamheshimu.

Hata hivyo naona hesabu hiyo ina kasoro, na mfano wa kuonyesha kasoro yake umo katika nchi yetu wenyewe.

Mnamo 1939, katika mji wa Elisabethville ambao leo twauita Lubumbashi, watawa Wabenedikto waliokuwa wakiongoza Institut Saint-Boniface waliunda timu ya mpira kwa ajili ya wanafunzi wao. Walikuwa wakifikiria hasa vijana ambao hawangeendelea na njia ya upadre. Wakaipa timu jina la Mtakatifu Georgi, msimamizi wa maskauti. Timu ile ilibadili majina zaidi ya mara moja. Leo ni Tout Puissant Mazembe, iliyotwaa ubingwa wa Afrika mara 5, na mnamo 2010 ikacheza fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu dhidi ya Inter Milan. Vijana wanaovaa jezi ile nyeusi na nyeupe huku ufukweni kwetu wengi hawajui kwamba chanzo chake ni shule, tena shule ya watawa.

Lakini habari ya mpira ni nusu tu. Katika shule hiyo hiyo alifundisha Joseph Kiwele, mtunzi wa muziki, aliyeongoza kwaya ya watoto iliyoitwa Petits Chanteurs à la Croix de Cuivre, yaani Waimbaji Wadogo wa Msalaba wa Shaba. Jina hilo lanipendeza, kwa kuwa misalaba midogo ya shaba ilikuwa fedha ya Katanga kabla ya ujio wa Wazungu. Kiwele alitunga misa kwa muziki wa kwao, na mwaka 1960 akatunga wimbo wa Katanga iliyojitenga, akawa pia waziri wake wa elimu. Siasa hiyo siitetei. Nataka tu tuone kwamba somo, wimbo na mpira vilikaa chini ya paa moja, na hakuna kilichokuwa mgeni wa kingine.

Kwetu Ituri jambo hili lina uzito wa pekee. Barabara iteremkayo kutoka Bunia hadi ziwani hupita Bogoro. Huko, Februari 2003, madarasa ya shule yalikuwa yamegeuzwa kambi ya askari, na siku ya shambulio raia waliuawa ndani ya madarasa hayo. Viongozi wa vita ile hawakukosa shule. Baadhi yao walikuwa na shahada za chuo kikuu. Katika mtihani kila mtoto hufunika karatasi yake kwa mkono asionwe na jirani, na ndivyo ipasavyo. Kwaya yadai kinyume chake: anayeimba sauti ya pili lazima amsikilize wa kwanza, awe ametoka kijiji gani, au sivyo wote hupotea. Uwanjani vilevile, mlinda lango hachagui kabila la beki wake. Watoto wetu wengi, wenyeji na waliokimbia makwao, hawana mahali pengine pa kuzoea jambo hilo kila juma.

Sisemi kwamba mpira watosha. Nimeona pia shule inayomsajili mchezaji hodari, ikampandisha madarasa bila yeye kufungua daftari. Huo ni wizi wa ujana wa mtu. Wala siiti sanaa kwaya inayoamshwa siku mbili kabla ya mgeni wa Serikali kufika, kisha ikalala hadi mgeni mwingine.

Kuna jambo moja la ajabu zaidi. Buletini nyingi bado zina mstari wa elimu ya viungo, nao hujazwa alama, hali uwanja haujakanyagwa na mtu tangu Noeli. Mzazi hutia sahihi, mtoto hunyamaza, na sote twajua.

Kamati ya wazazi ya shule tuliyo nayo karibu itakutana mwezi ujao. Nitamwomba prefe saa mbili za Jumatano zisiguswe, hata kwa darasa la mwisho: moja ya wimbo, moja ya uwanja. Nitaomba pia mstari ule wa buletini ujazwe na mwalimu aliyekwenda uwanjani kweli. Gharama ni mipira miwili na ngoma, na posho kidogo ya mwalimu wa kwaya. Baba mmoja, mvuvi, amekwisha niambia kwamba atapinga. Ana watoto watatu shuleni hapo, na nimemwomba tuketi pamoja kabla ya siku hiyo.