Barabara Iliyomeza Saa Mbili

Msomaji mpenzi, wengi wetu tukiisikia Marekani huwaza maghorofa ya New York, sinema za Hollywood, ama yule jamaa aliyekwenda kusoma Boston na hadi leo hajarudi. Leo nataka nikupeleke pembe nyingine ya nchi hiyo, mahali penye milima, misitu na vijiji vitulivu, ambapo bwana mmoja na mkewe walidai kwamba walichukuliwa na viumbe wasiokuwa wa dunia hii. Funga mkanda, safari ni ndefu.

Mahali penyewe ni jimbo la New Hampshire, kaskazini-mashariki ya Marekani. Ukitoka Boston kwa gari, shika barabara kuu ya I-93 uelekee kaskazini. Kumbuka kwamba kule watu huendesha upande wa kulia, si wa kushoto kama huku kwetu. Baada ya zaidi ya kilomita 200 utaanza kuzungukwa na Milima Myeupe, ambayo kilele chake kikuu, Mlima Washington, kina urefu wa mita 1,917. Kwa sisi tuliozaliwa karibu na Mlima Kenya, huo ni mlima mdogo. Lakini usiudharau! Mnamo Aprili 12, 1934, upepo ulipimwa kileleni humo ukivuma kwa kasi ya maili 231 kwa saa, yaani takriban kilomita 372.

Ukifika mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, utakuta majani ya miti yamegeuka rangi: mekundu, manjano na ya chungwa, mlima mzima kana kwamba umewashwa moto. Wageni humiminika kutoka kila upande kuja kuyatazama tu. Naam, majani!

Kisha utaingia katika bonde jembamba liitwalo Franconia Notch. Hapo palikuwa na ajabu nyingine. Juu ya Mlima Cannon, mawe ya matale yalijipanga yenyewe yakafanya uso wa mzee, mwenye paji, pua na kidevu. Watu wa jimbo hilo waliupenda uso huo mpaka wakauchora kwenye alama za barabarani na namba za magari. Ole wao, mnamo Mei 3, 2003, wakaamka wakakuta uso umeporomoka usiku. Mzee hayupo tena, ila picha yake wameibakiza.

Ni katika bonde hili, na katika mji mdogo wa Lincoln ulio kusini yake kidogo, ndiko kisa chetu kilikotokea.

USIKU WA SEPTEMBA

Usiku wa Septemba 19, 1961, Bw Barney Hill na mkewe Betty walikuwa wakirudi nyumbani kutoka matembezi ya Niagara na Montreal, Kanada. Walikuwa na gari aina ya Chevrolet Bel Air la mwaka 1957, na mbwa wao mdogo aitwaye Delsey. Nyumbani kwao kulikuwa Portsmouth, mji wa bandari wa jimbo hilo hilo.

Hawa hawakuwa watu wa mzaha. Barney, aliyekuwa amewahi kuwa mwanajeshi, alifanya kazi ya usiku katika posta ya Boston. Betty alikuwa afisa wa ustawi wa jamii, akishughulikia kesi za watoto. Wote wawili walikuwa katika chama cha NAACP kilichopigania haki za Wamarekani weusi. Na hapa, msomaji, shika neno moja muhimu: Barney alikuwa mtu mweusi, naye Betty alikuwa mzungu. Walikuwa wameoana mwaka 1960. Wakati huo majimbo mengi ya Marekani yalikuwa na sheria za kukataza ndoa kama yao. New Hampshire haikuwa miongoni mwao, lakini sheria hizo hazikufutwa kote nchini hadi Mahakama ya Juu ilipoamua kesi ya Loving mwaka 1967.

Walisimama kula katika mkahawa mmoja mjini Colebrook, kisha wakaondoka saa nne na dakika tano za usiku. Walikadiria kwamba wangefika kwao yapata saa tisa.

Njiani Betty akaona mwanga angani, karibu na mwezi. Kwanza alidhani ni nyota. Ila nyota hiyo, kwa mujibu wa maelezo yao, ilionekana kuwafuata. Walisimama mara kadhaa kuitazama kwa darubini. Barney alishikilia kwamba ni ndege ya kawaida. Walipopita Franconia Notch na kufika mahali paitwapo Indian Head, kitu hicho kikashuka chini, kikatanda mbele yao. Barney akasimamisha gari katikati ya barabara, akatia bastola mfukoni, akatoka na darubini yake. Alisema aliona chombo kipana chenye safu ya madirisha, na nyuma ya madirisha hayo watu waliovaa sare wakimkodolea macho. Akarudi garini mbio, akipiga kelele kwamba watakamatwa, akakanyaga mafuta.

Kisha wakasikia mlio wa ajabu, pip-pip-pip, nyuma ya gari. Usingizi mzito ukawashika. Waliposikia mlio huo kwa mara ya pili na fahamu kuwarudia, walikuwa wamefika karibu na Ashland, kilomita 56 hivi kusini ya pale. Walikumbuka kidogo sana kuhusu mwendo huo. Walifika nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Saa zao za mkononi zilikuwa zimesimama, gauni la Betty lilikuwa limechanika, na viatu vya Barney vilikuwa vimekwaruzika.

Saa mbili hivi zilikuwa zimepotea. Zilikwenda wapi?

Huku kwetu mtu akipatwa na mkasa kama huo usiku wa manane, wazee wangesema amechezewa na majini, na pengine angetafutiwa mganga. Betty yeye alipiga simu katika kambi ya jeshi la anga ya Pease, iliyokuwa karibu na kwao. Siku chache baadaye akaanza kuota ndoto nzito, usiku baada ya usiku, mara tano mfululizo. Katika ndoto hizo yeye na mumewe waliongozwa na watu wafupi hadi ndani ya chombo, wakapimwa kama wagonjwa hospitalini.

DAKTARI NA KANDA ZAKE

Barney hakuota, lakini mwili wake ulisema. Vidonda vya tumbo vilimzidi, shinikizo la damu likapanda, roho haikutulia. Hatimaye wakaelekezwa kwa Dkt Benjamin Simon wa Boston, daktari mashuhuri wa maradhi ya akili. Kuanzia Januari hadi Juni mwaka 1964 aliwatia kila mmoja peke yake katika usingizi wa kuongozwa, uitwao hipnosisi, huku akirekodi kwenye kanda kila walichosema.

Yaliyotoka katika kanda hizo ndiyo yaliyoushangaza ulimwengu. Wote wawili walisimulia kuchukuliwa, kuingizwa katika vyumba tofauti, na kupimwa ngozi, kucha na nywele. Betty alisema alionyeshwa ramani ya nyota, na baadaye akaichora. Barney, mwanamume mtu mzima, alilia na kupiga mayowe akikumbuka macho yaliyomtazama.

Lakini sikiliza na hili. Alipoulizwa waliomtazama walifananaje, Barney alimtaja mmoja kuwa kama Muairishi mwenye nywele nyekundu, na mwingine kama Mnazi wa Kijerumani. Alisimulia pia jinsi alivyojihisi hana amani katika mkahawa wa Colebrook kwa jinsi watu walivyomtazama, na wasiwasi aliokuwa nao wa kunyimwa chumba katika hoteli safarini. Bila shaka hofu hiyo haikutoka mbinguni. Mtu mweusi aliyekuwa na mke mzungu, usiku, katika barabara ya msituni, mwaka 1961, alikuwa na sababu zake za kutazama kioo cha nyuma kila mara.

WENYE SHAKA WANASEMAJE?

Dkt Simon mwenyewe hakuamini kwamba walitekwa. Hata hivyo, hakuwaita waongo. Maoni yake yalikuwa kwamba Betty aliota, akasimulia ndoto zake mara nyingi, na Barney akazisikia hadi zikawa kama kumbukumbu zake mwenyewe. Hipnosisi si ufunguo wa sanduku la ukweli; mtu aweza kukumbuka chini yake jambo ambalo halikutokea kamwe, na kuliamini kwa moyo wote.

Wengine wametazama anga la usiku ule. Sayari za Zohali na Mshtarii, yaani Jupita, zilikuwa zikionekana karibu na mwezi. Aidha, juu ya Mlima Cannon palikuwa na mnara wenye taa. Barabara ya milimani hupinda huku na huku, hivyo taa kama hiyo huonekana, ikapotea, ikaonekana tena upande mwingine, kana kwamba inakufuata. Na mtu anayeendesha polepole, akisimama kila mara kutazama juu, huchelewa kufika.

Isitoshe, siku 12 kabla ya Barney kuyaeleza macho ya viumbe hao kwa daktari, televisheni ilikuwa imeonyesha mchezo wa mfululizo wa The Outer Limits wenye kiumbe wa macho ya aina hiyo. Betty alisema hawakuutazama mchezo huo. Mjadala haujaisha.

Kwa upande mwingine, Walter Webb, mtaalamu wa nyota aliyewahoji kwa saa nyingi mnamo Oktoba 1961, alitoka akiamini kwamba wanasema kweli kama wanavyoijua. Hata wasioamini kisa chenyewe, wengi wao wamekiri kwamba wawili hawa hawakuwa matapeli.

BAADA YA KUJULIKANA

Bwana na Bibi Hill hawakukimbilia magazeti. Walikuwa na majina ya kulinda, kazi za kulinda, na harakati za haki ambazo zingeweza kuchekwa kwa sababu yao. Walisimulia kwa marafiki na katika vikundi vidogo tu. Lakini Oktoba 1965 gazeti moja la Boston lilichapisha kisa chao ukurasa wa mbele bila idhini yao. Siri ikawa mali ya sokoni. Mwaka uliofuata wakakubali kushirikiana na mwandishi John G. Fuller, aliyetoa kitabu The Interrupted Journey, wakisema kwamba kama habari ni lazima isimuliwe, basi heri isimuliwe sawasawa.

Barney hakuishi kuona mengi. Alifariki Februari 1969 kwa kuvuja damu ubongoni, akiwa na umri wa miaka 46 tu. Mwaka 1975 televisheni ikaonyesha filamu ya kisa chao, na aliyeigiza kama Barney ni James Earl Jones, yule yule ambaye watoto wetu wanaijua sauti yake kama Mufasa katika The Lion King. Wiki mbili hivi baada ya filamu hiyo, mkata magogo mmoja wa Arizona, Travis Walton, alitoweka kwa siku tano, akarudi na kisa kinachofanana. Wengine wakafuata, mamia kwa mamia. Vile viumbe vya kijivu, vya kichwa kikubwa na macho makubwa, unavyoviona leo kwenye katuni na fulana, vilitokana kwa sehemu kubwa na barabara hii.

Betty aliishi hadi Oktoba 2004, akafariki akiwa na umri wa miaka 85. Katika miaka yake ya baadaye alidai kuona vyombo vya angani mara nyingi mno, hata baadhi ya waumini wakaanza kumtilia shaka. Hakuacha kusema.

UKIENDA

Mwaka 2011 serikali ya jimbo ilisimamisha kibao cha kumbukumbu kando ya barabara ya zamani, Route 3, pale Lincoln. Ukitaka kuchimba zaidi, nenda katika maktaba ya Chuo Kikuu cha New Hampshire mjini Durham, si mbali na Portsmouth. Humo zimehifadhiwa karatasi za Betty na Barney, na hata lile gauni lililochanika. Wanafunzi wanaosoma habari zetu, hapo kuna somo: jimbo halikuwacheka watu wake wala halikuwathibitisha. Liliweka ushahidi mahali ambapo kila mtu anaweza kuusoma.

Na kama una ujasiri, ipite barabara hiyo usiku. Endesha polepole, maana kulungu wakubwa waitwao moose, wazito sana, huvuka bila hodi. Miti imesongamana pande zote, na ukizima taa huoni hata kiganja chako. Ndipo utakapoelewa kwamba swali la kama viumbe wa sayari nyingine walishuka pale ni moja tu kati ya maswali mawili. La pili ni hili: watu wawili waungwana waliogopa nini usiku ule, hata hofu yenyewe ikawaandama hadi kaburini?

Mimi siamini kwamba chombo kilishuka Lincoln. Lakini naamini kwamba Barney alilia kweli mbele ya daktari, na kwamba machozi yale hayakuwa ya kuigiza. Wewe msomaji, ukisikia jirani anasimulia jambo lisiloaminika, usimkubalie upesi na usimcheke upesi. Msikilize kwanza. Kuishi kwingi ni kuona mengi.