Nyumbu kapata gari, sisi bado tuko kituoni

Leo naomba tuziache ndoa za watu zipumue kidogo, tuzungumze habari za gemu. Usigeuze ukurasa! Hata wewe unayesema gemu ni mambo ya watoto watukutu, nyumbani kwako kuna mtu ambaye usiku wa manane macho yake yako kwenye skrini.

Ninazozisema ni zile za bure. Siyo bure ya wizi, la hasha, bure ya halali. Zinatengenezwa na watu wa kujitolea waliotawanyika duniani, na kile kilichoandikwa ndani ya programu kimeachwa wazi kwa yeyote: soma, badilisha, mgawie jirani. Wenyewe wanaziita programu huria. Kwa mtu kama mimi, ambaye tarehe kumi mshahara umeshaaga, hilo ni neno tamu.

Sasa zifungue uone viroja. Iko moja ya mbio za magari madogo, SuperTuxKart. Madereva wake wengi ni wale wanyama ambao ni nembo za programu huria. Yumo Tux, pengwini wa Linux aliyechorwa na Larry Ewing mwaka 1996. Yumo Konqi, joka la KDE. Na yumo nyumbu, nembo ya mradi wa GNU aliouanzisha Richard Stallman mwaka 1983. Nyumbu bwana! Mnyama wa kwetu kabisa, yule anayevuka Mto Mara huku mamba wakimsubiri, humo ni mtu mzito: hadithi nzima ya gemu ni kwenda kumkomboa baada ya kutekwa. Binadamu je? Nilimkuta binti mmoja, Sara, mweupe. Kwa hiyo nyumbu kapata gari, Mswahili bado yuko kituoni. Nilicheka, halafu kicheko kikanikauka.

Maana hakuna aliyekaa kikao akasema sisi tusiingie. Kinachotokea ni kwamba anachora aliyepo. Na aliyepo ni mwenye umeme usiokatika, kompyuta nzuri, na jioni nyingi za kufanya kazi isiyo na malipo. Huyo akiambiwa achore mtu, anachora sura anayoiona kwenye kioo chake asubuhi. Ndiyo maana wakiniambia "mlango uko wazi, ingieni wenyewe" mimi huwa nauliza: nauli je?

Na wanawake wana kesi yao. Kwenye The Battle for Wesnoth, gemu ya vita aliyoianzisha David White mwaka 2003, nilipoicheza niliona mkuki kashikishwa mwanamume, na kwa wale watu wa msituni wenye masikio yaliyochongoka, uganga kaachiwa mwanamke. Walau binti mfalme Li'sar kapewa upanga. Sina ugomvi na waganga, ila nawafahamu akina mama wa Kariakoo ambao huo mkuki wangeushika vizuri tu.

Iliyonikuna moyo ni 0 A.D., inayohusu falme za kale. Ilifanywa huria mwaka 2009, na kwa miaka mingi Afrika humo ilikuwa Carthage na wale Wagiriki waliotawala Misri. Mwaka 2018 wakaingizwa Wakushi, watu weusi wa Sudan ya kale, na mapiramidi yao. Wakaja na malkia wao, Amanirenas.

Huyu mama si wa kubuni. Miaka ya 20 kabla ya Kristo watu wake walipigana na Warumi, na Strabo, mwandishi wa Kigiriki, kamtaja malkia wa huko aliyekuwa chongo. Wanahistoria wengi wanaamini ndiye yeye. Mwaka 1910 kule Meroe kilifukuliwa kichwa cha shaba cha sanamu ya Augustus, mfalme wa Roma, kimefukiwa chini ya ngazi za hekalu ili wapitao wamkanyage. Leo kipo British Museum, London. Ebo! Kumbe habari kama hiyo ilikuwepo siku zote, na mimi shuleni nilikaririshwa mito ya Ulaya.

Mtoto wa dada yangu, yuko darasa la sita, alipomwona Amanirenas aliniita kwa sauti. "Mjomba, njoo! Huyu kafanana na mama mkubwa!" Nikamwambia ni malkia. Akanyamaza, akamtazama. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitegemea: "Kwa hiyo na kule kwenye magari mtu anaweza kuweka?"

Nikamjibu anaweza, kila kitu kiko wazi. Jumamosi nzima hakutoka nje. Alilitafuta faili lenye picha ya ngozi ya Sara, akalifungua kwa GIMP (nayo ya bure), akapaka rangi ya kahawia, akafuta, akapaka tena. Jioni akaanzisha mbio. Akatokea dereva mweusi kama sisi, kashika usukani, anampita pengwini kwenye kona. Kaka yake akasema, "Umemharibu Sara." Hakujibiwa.

Lakini mwenyewe hakuridhika. "Mjomba, nywele bado ni zake. Mimi nataka mabutu." Hapo ndipo ugumu ulipo. Rangi ni ya kupaka tu, lakini nywele ni umbo, na umbo linataka programu ya Blender, ambayo kwenye ile kompyuta yetu ya mtumba inafunguka taratibu kama lango la godauni, ikifunguka inaganda.

Kwa hiyo mabutu yanasubiri memori. Nimeshaulizia bei kwa fundi mmoja wa Kariakoo. Mama yake binti anasema kwanza sare ya shule. Tunabishana hadi leo.